Kurema na Kuumba: Maneno ya Asili ya Ulimwengu katika Nchi ya Ngara na Biharamulo

Mwalimu wa dini aanzapo somo lake la kwanza hutumia maneno machache mno: Mungu, kuumba, mbingu na nchi. Huyatamka kwa Kiswahili, watoto humjibu kwa Kiswahili, naye hudhani ya kuwa jambo limekwisha kueleweka. Lakini mtoto wa Ngara aliyelelewa katika nyumba ya Wahangaza au Washubi haji shuleni na masikio matupu. Amekwisha kulisikia jina la Imana kinywani mwa bibi yake. Amekwisha kujua kitenzi kingine cha kutaja kazi ya Imana. Na pengine amesikia hadithi za watu wa kwanza, kwamba hawa walishuka toka juu na wale walikutwa chini. Haya yote hukutana na somo la mwalimu, naye mwalimu asipoyajua hawezi kujua amefundisha nini.

Nia ya makala haya ni kuyaeleza maneno hayo moja moja, na kuyalinganisha na ya Kiswahili na ya Maandiko. Kisha nitaonyesha ya kuwa katika nchi hii habari za asili ya wanadamu si jambo la kubishania barazani tu, maana damu nyingi imekwisha kumwagika kwa ajili yake.

NCHI NA LUGHA ZAKE

Benaco ni njia panda katika wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera. Barabara itokayo daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda, yagawanyika hapo: tawi moja laelekea mji wa Ngara, na jingine laendelea mashariki hata wilaya ya Biharamulo. Jina lenyewe si la kienyeji. Ni la kampuni ya Kitaliani ya wajenzi wa barabara, nalo lilibaki wajenzi walipokwisha kuondoka.

Wenyeji wa Ngara ni Wahangaza na Washubi, watu wa tawala mbili za zamani, Bugufi na Bushubi. Kihangaza ni ndugu wa karibu mno wa Kirundi, hata Mhangaza na Mrundi huelewana pasipo mkalimani; na Kirundi na Kinyarwanda ni hivyo hivyo. Lakini mtu akienda kaskazini na mashariki hukuta jamaa nyingine ya lugha: Kinyambo, Kihaya na Kizinza, ambazo ndugu zao ni Kinyankole na Kinyoro za Uganda. Basi Ngara na Biharamulo ni mahali ambapo nyumba mbili za lugha zapakana, na ndani yake wamekuja Wasukuma wengi na lugha yao. Mifano yangu naitoa zaidi katika Kirundi na Kinyarwanda, kwa kuwa ndizo zilizoandikwa sana. Msomaji aliye Ngara ataipima kwa vinywa vya wazee wake.

JINA

Neno la Kiswahili Mungu liliandikwa zamani Muungu, nalo ni lile lile Mulungu lililoenea katika lugha nyingi za nchi yetu hata Nyasa. Wasukuma nao wanalo. Tazama wingi wake: ni miungu. Hivyo umbo la neno ni la ngeli ya mti na miti, wala si la mtu na watu, ijapokuwa leo twasema Mungu aona, Mungu ajua, kama tusemavyo juu ya mtu.

Imana nalo limo katika ngeli ya inka, yaani ng'ombe, na vitenzi vyake hufuata ngeli hiyo. Jina la mtu Iradukunda maana yake ni "atupenda". Hiyo i ya mwanzo yamtaja Imana, wala haiwezi kumtaja mtu. Padre Alexis Kagame, mwanachuoni wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya falsafa ya Wanyarwanda, aligawanya vitu vyote katika mafungu manne, umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu, yaani mtu, kitu, mahali na namna. Naye Imana hakumtia katika fungu lo lote, maana ndiye Iyakare, Yule wa tangu mwanzo. Hata hivyo tusijenge nyumba kubwa juu ya ngeli peke yake, kwa kuwa ng'ombe naye yumo. Linalotosha kusema ni hili: lugha haikumhesabu Mungu kuwa mmoja wa watu.

Katika jamaa ya pili ya lugha, Wahaya, Wanyankole na Wanyoro husema Ruhanga, na jina hilo latokana na kitenzi kuhanga, kufanya kisichokuwapo. Waganda nao husema Katonda, kutoka kutonda, ambalo pia ni kuumba. Kwa hiyo upande mmoja wa nchi yetu Mungu huitwa kwa kazi yake, na upande wa pili huitwa kwa jina lisilotaja kazi, kisha kazi huongezwa kwa sifa: Rurema, Muumba, Rugaba, Mgawaji.

Wamisionari waliitumiaje hazina hii? Mapadre Weupe waliingia Rwanda mwaka 1900 na kuleta neno Mungu kutoka Kiswahili. Waliogopa Imana, kwa sababu neno hilo hutajwa pia katika bahati na ramli: kugira imana ni kuwa na bahati njema, na hata kifaranga cha ramli kikitoa ishara nzuri huitwa imana. Wamisionari wa Bethel, Waprotestanti wa Kijerumani, walifika mwaka 1907, nao wakalitwaa jina Imana. Ikawa kwa miaka mingi, katika vilima vile vile, mtoto Mkatoliki alisali kwa jina moja na mtoto Mprotestanti kwa jina jingine, na wote wawili walipofika nyumbani waliwakuta wazazi wakisema Imana. Baadaye Wakatoliki nao walilirudia jina la nchi.

Waliolikataa jina hilo walikuwa na sababu, maana waliogopa mchanganyiko. Lakini hasara yake ilikuwa kubwa. Mungu aliyeletwa kwa jina la pwani alionekana kama mgeni aliyefika pamoja na wazungu, na yule aliyewafanya mababu akabaki kama mwingine. Fundisho la uumbaji haliwezi kusimama hapo, kwa kuwa kiini chake ni kwamba hakuna mtu wala zama ambazo Mungu hakuwa Muumba wake.

KITENZI

Sasa na tuje kwenye kitenzi, ambako ndiko penye shida iliyofichika. Kuumba kwa Kiswahili ni neno la kale la Kibantu lililopoteza konsonanti yake ya kwanza. Katika Kinyarwanda na Kirundi konsonanti hiyo ingaliko, nako husemwa kubumba. Na kubumba ni nini? Ni kufinyanga udongo. Umubumbyi ni mfinyanzi. Basi mtoto wa Ngara asikiapo mwalimu akisema ya kuwa Mungu aliumba mbingu na nchi, sikio lake liko karibu sana na chungu. Na mwenye kufinyanga hana budi kuwa na udongo uliokuwapo kwanza. Isitoshe, katika Rwanda na Burundi ufinyanzi ulikuwa kazi ya Watwa, watu waliodharauliwa na jirani zao.

Neno la nchi kwa kazi ya Mungu ni kurema. Maana yake si kufinyanga. Soko nalo hurema: asubuhi uwanja ulikuwa mtupu, mara watu wakakusanyika, na soko likawako. Tena mfalme alirema kikosi cha askari, yaani alikianzisha pasipokuwapo kikosi. Katika maneno hayo yote kinachotajwa ni kuwako kwa jambo ambalo halikuwako. Rosemary Guillebaud, aliyeandika juu ya wazo la Mungu katika Ruanda-Urundi, makala yake yakatoka mwaka 1950 katika kitabu cha Edwin Smith juu ya mawazo ya Waafrika kuhusu Mungu, asimulia ya kuwa watu wa Rwanda walisisitiza kwamba hapakuwa na kitu kabla ya Imana kuumba. Hivyo fundisho ambalo Mtaguso wa nne wa Laterano ulilitamka mwaka 1215, kwamba Mungu aliumba vyote pasipo kitu, halikuwa geni kabisa katika vilima hivi.

Kitenzi cha tatu ni kuhanga, ambacho tumekwisha kukitaja katika jina Ruhanga. Mara nyingi p ya Kiswahili hujibiwa na h katika lugha hizi. Kupa, kwa mfano, ni guha. Kwa hiyo kuhanga hulingana na kupanga kwetu: kuweka mambo mahali pake, kuanzisha utaratibu. Wanyarwanda hukitumia kwa mtu pia, na mwanzilishi wa ufalme katika masimulizi yao huitwa Gihanga.

Msomaji ajuaye Kiebrania ataona hapa jambo la kumfurahisha. Kitabu cha Mwanzo chatumia vitenzi mbalimbali. Katika sura ya kwanza kuna bara, kitenzi ambacho katika Maandiko mtendaji wake, kwa maana hii ya kuumba, ni Mungu peke yake, wala hakitaji udongo wala kitu cho chote cha kutumia. Katika sura ya pili, mahali mtu atolewapo mavumbini, kuna yatsar, kitenzi cha mfinyanzi hasa. Ni kile kile kitumikacho katika Yeremia sura ya 18, nabii aliposhuka nyumbani mwa mfinyanzi. Tafsiri ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, ina kuumba katika mstari wa kwanza kabisa, na katika Mwanzo 2:7 ina kufanya. Maana yake neno la asili ya udongo limewekwa pale ambapo Kiebrania hakina udongo, na pale penye udongo limewekwa neno la kawaida. Simlaumu mfasiri, katika Kiswahili cha leo kuumba limekwisha kuwa neno la Mungu, na wachache tu hukumbuka chungu. Lakini masikioni mwa watu wa kubumba chungu hakijasahauliwa. Kwao bara ni kurema, na yatsar ni kubumba. Nao wanayo maneno yote mawili tayari.

KAZI YA KILA USIKU

Mtu asidhani ya kuwa wazee wa nchi walikuwa na picha ya kurema peke yake. Desturi moja ya Rwanda na Burundi, ambayo Guillebaud pia aieleza, yaonyesha picha ya pili. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hakulala usiku pasipo kuacha maji kidogo ndani ya nyumba. Maji hayo yalikuwa ya Imana, ili apate kuulowanisha udongo na kumfinyanga mtoto tumboni. Na methali ya Wanyarwanda yanena ya kuwa Imana hushinda kutwa mahali pengine, lakini jioni hurudi Rwanda kulala.

Hapa tuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni kwamba Imana, ambaye kwa ajili ya ulimwengu hakuhitaji kitu, kwa ajili ya mtoto hufanya kazi kama mfinyanzi. Sura ya kwanza na sura ya pili ya Mwanzo zimekaa pamoja katika nyumba moja. La pili ni kwamba uumbaji haukuisha zamani. Mwalimu husema, "Mungu aliumba," kwa wakati uliopita. Bibi wa nyumba aliyeacha maji alisema kwa matendo yake ya kuwa Imana aumba usiku huu. Wanatheolojia wana fundisho hilo, kwamba Mungu huvidumisha viumbe vyote wala havisimami kwa nguvu zao wenyewe. Lakini ni mara chache kulisikia likifundishwa vijijini.

Majina ya watu yathibitisha hayo, nayo twayaandika kila siku katika vitabu vya ubatizo pasipo kuyasoma. Habimana: yuko Imana. Habyarimana: azaaye ni Imana. Harerimana: aleaye ni Imana. Hakizimana: aponyaye ni Imana. Bizimana: ajuaye ni Imana. Baba ampaye mwanawe jina Habyarimana akiri ya kuwa si yeye aliyemzaa kwa asili, bali Imana. Huo ni ungamo wa uumbaji wenye neno moja tu.

Hata hivyo kasoro nayo yapasa kutajwa. Imana alikuwa mwema, lakini hakutolewa sadaka. Katika shida watu walimwendea Ryangombe, ambaye Burundi huitwa Kiranga, kwa ibada ya kubandwa. Muumba aliheshimiwa kwa majina na methali, na maombi yakapelekwa kwingine.

HADITHI ZA WATU WA KWANZA

Mpaka hapa tumesema juu ya imani katika Muumba. Sasa hatuna budi kutenga jambo la pili ambalo mara nyingi huchanganywa nalo, yaani hadithi za asili ya koo na vyeo.

Katika Rwanda walisimulia habari za Ibimanuka, maana yake walioshuka. Mkubwa wao ni Kigwa, jina lenye maana ya aliyeanguka, yaani toka juu. Wasema ya kuwa kabla ya kuanguka aliitwa Sabizeze; mama yake, Gasani, alikuwa tasa, akautia moyo wa ng'ombe katika chombo na kuumiminia maziwa miezi tisa, hata mtoto akatokea. Kigwa na wenzake walipofika chini waliwakuta watu wenye nchi, waitwao Abasangwabutaka, waliokutwa juu ya ardhi, nao ni ukoo wa Wasinga, wa Wazigaba na wa Wagesera.

Kisha kuna hadithi ya vyombo vya maziwa. Ndugu watatu, Gatwa, Gahutu na Gatutsi, walipewa kila mmoja chombo cha maziwa akilinde usiku kucha. Kulipokucha Gatwa alikuwa amekunywa yake, Gahutu alisinzia akayamwaga, na Gatutsi alikuwa nayo kamili. Akapewa ubwana juu ya wengine. Hadithi hiyo hiyo yasimuliwa Nkole na Bunyoro kwa majina mengine: Ruhanga awajaribu Kairu, Kahima na Kakama, na Kakama ndiye apataye ufalme.

Mwenye kuipima hadithi hii ataona mambo matatu. Yaanza watu wakiwapo, ng'ombe wakiwapo, na vyombo vimekwisha kuchongwa. Basi si hadithi ya uumbaji. Yavuka mipaka na kubadilisha majina, ila mwenye enzi hubaki kuwa mshindi. Basi ni hadithi ya kuthibitisha enzi. Tena yawataja watatu kuwa ndugu wa baba mmoja, hata katika kuwatenga. Koo zenyewe zashuhudia udugu huo, maana katika Rwanda ukoo mmoja huwa na Watutsi, Wahutu na Watwa ndani yake.

Wageni waliokuja hawakuisoma hivyo. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863 juu ya safari ya chanzo cha Nile, alidai ya kuwa watawala wa nchi za maziwa walitoka Uhabeshi, nao ni watu wa asili nyingine. Wengi waliomfuata, wamisionari wakiwamo, waliikuza habari hiyo hata ikaingia mashuleni kana kwamba ni elimu. Hadithi ya kushuka toka mbinguni ikageuzwa kuwa hadithi ya kuja toka kaskazini. Watawala wa Kibelgiji walipohesabu watu wa Rwanda mwaka 1933 na 1934, waliandika kabila la kila mmoja, nalo likatiwa katika kitambulisho chake. Neno lililokuwa la kusimuliwa motoni jioni likawa neno la karatasi na la sheria.

YALIYOTOKEA RUSUMO

Matunda yake twayajua. Tarehe 22 Novemba 1992, Léon Mugesera, mwanasiasa wa Rwanda, alihutubia mkutano huko Kabaya, akasema juu ya kuwarudisha Watutsi Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Mto huo huingia Kagera, na Kagera hupita Rusumo. Mwezi wa Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalipoanza, watu waliosimama upande wa Ngara waliona miili ikipita chini ya daraja na kuanguka pamoja na maporomoko. Maelfu yalifika Ziwa Viktoria na kuzikwa pwani ya Uganda. Katika mwezi huo huo, huko Nyarubuye, mashariki ya Rwanda, watu waliokimbilia kanisani waliuawa mumo humo, na wauaji wengi walikuwa majirani zao, wabatizwa kama wao.

Kisha tarehe 28 na 29 Aprili watu wengi walivuka daraja la Rusumo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilikadiria watu 250,000 kwa muda wa saa 24. Wengi wao walikuwa Wahutu waliokimbia vita, na katikati yao wamo waliotenda mauaji. Walikaa Benaco, ambako palikuwa kwa muda moja ya kambi kubwa kuliko zote duniani, mpaka kambi za Ngara zilipofungwa mwezi wa Desemba 1996.

Sisemi ya kuwa hadithi ya Kigwa iliua watu. Vita, siasa, njaa ya ardhi na woga vilikuwa na sehemu zao, na wauaji watajibu wenyewe kwa matendo yao. Lakini neno lililotumiwa kumfanya jirani asiwe jirani lilikuwa neno la asili: huyu si wa hapa, huyu alitoka kwingine. Na waliolisikia walikuwa watu wenye majina kama Habyarimana na Harerimana, waliofundishwa katekisimu. Fundisho la Muumba mmoja lilikuwa midomoni, na fundisho la asili mbalimbali lilikuwa katika kitambulisho.

JUU YA SIKU SITA NA UMRI WA DUNIA

Mwanafunzi wa sekondari leo husoma ya kuwa ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 hivi, na dunia bilioni 4.5. Husoma juu ya fuvu ambalo Mary Leakey alilivumbua Olduvai mwaka 1959, na juu ya nyayo za Laetoli, zilizokanyagwa yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Kisha huja kwa mwalimu wa dini na kuuliza habari za siku sita.

Wakristo hawajibu namna moja. Wako washikao siku sita za saa 24. Mwaka 2006, huko Nairobi, Askofu Boniface Adoyo wa makanisa ya Kipentekoste alipinga jumba la makumbusho kuionyesha mifupa ya kijana wa Turkana, iliyovumbuliwa mwaka 1984, kama ya mzee wa wanadamu. Wako wengine, tangu Mtakatifu Augustino, wasiozihesabu siku hizo kwa jua. Papa Pius wa 12, katika waraka wake wa mwaka 1950, aliruhusu wataalamu kuchunguza kama mwili wa mtu ulitoka katika kiumbe kilichotangulia, mradi ikubaliwe ya kuwa roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Na Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji ndiye aliyetoa mwaka 1931 wazo la kwamba ulimwengu wote ulianza katika chembe moja, naye hakuona sababu ya kuacha kuadhimisha Misa.

Ugomvi huu hukaza sana pale ambapo kuumba huwaziwa kuwa kufinyanga mara moja, kitu kikatoka mkononi kimekwisha. Lakini kurema hakukudai hivyo. Imana aliyeachiwa maji usiku alimfanya mtoto kwa miezi tisa, mle mle ambamo mama alijua vema njia za kuzaa. Wala hakuna aliyesema ya kuwa kwa kuwa mimba yakua polepole, basi Imana hayumo. Mwalimu akilikumbusha darasa jambo hilo, mwanafunzi atapata mahali pa kusimama kabla hajachagua baina ya majibu ya wakubwa.

Tena kuna neno moja ambalo wabishanao wote hulikubali. Wenye siku sita husema ya kuwa watu wote ni wa Adamu mmoja. Matendo ya Mitume sura ya 17 yafundisha ya kuwa mataifa yote yametoka katika asili moja. Na wachunguzi wa mifupa na damu nao wasema ya kuwa wanadamu wote walio hai ni aina moja tu, iliyotokea Afrika zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Hakuna hata mmoja wao mwenye nafasi kwa mtu aliyeshuka na mtu aliyekutwa.

YAPASAYO KUFANYWA

Kutokana na hayo nashauri mambo manne kwa walimu na makasisi wa nchi hii.

Kwanza, aanzapo somo la uumbaji, mwalimu na awaulize watoto neno la kwao, kisha aeleze kuumba kwa neno hilo, akitenga kurema na kubumba, na kuyalinganisha na sura mbili za Mwanzo.

Pili, majina ya ubatizo na ya ukoo yasomwe na kufasiriwa darasani. Kila darasa la Ngara lina mahubiri ya namna hii katika daftari la mahudhurio.

Tatu, hadithi za Kigwa na za vyombo vya maziwa zisifichwe, maana zikifichwa husimuliwa gizani. Zisimuliwe kama zilivyo, hadithi za enzi na koo. Na mwalimu aulize watoto ni nani aliyefaidika kwa kusimuliwa kwake.

Nne, somo lisiishe kwa wakati uliopita. Mtoto afundishwe ya kuwa yule aketiye karibu naye, awe Mhangaza, Mshubi, Msukuma au mwana wa mkimbizi aliyevuka Rusumo, ni kazi ya mkono ule ule, nayo ingali inafanyika. Mwenye kuliamini hilo hawezi kusema juu ya jirani yake ya kuwa si wa hapa.